Maji ya Itilima ni ya Bonde la Nile: Uchumi wa Kuendeleza Mito ya Kimataifa kwa Pamoja

Mto wa kimataifa, yaani mto au ziwa ambalo maji yake hupita katika ardhi ya nchi zaidi ya moja au hupakana nayo, huzua swali la kiuchumi ambalo soko la kawaida haliwezi kulijibu, kwa kuwa anayefaidika na maji, anayeyachafua na anayebeba hasara mara nyingi huwa watu watatu tofauti, tena wanaoishi chini ya serikali tofauti. Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, ambayo makao yake makuu yako Lagangabilili, haipakani na nchi yoyote ya jirani, lakini imo ndani ya swali hilo. Sehemu kubwa ya mvua inayonyesha katika mbuga na vilima vyake hukusanywa na vijito vinavyoungana na Mto Simiyu, nao huyapeleka maji hayo katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo hutoa maji yake Jinja, nchini Uganda, na kuanzia hapo Mto Nile huyachukua kupitia Sudan Kusini na Sudan hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Mkulima wa pamba au mfugaji wa Itilima, kwa hiyo, ni mkazi wa bonde linaloshirikisha nchi 11.

Makala haya yanaeleza jinsi wachumi wanavyoitazama rasilimali ya namna hiyo, na yanatetea hoja moja: nchi zinazoshiriki mto hupata nafuu kubwa zaidi zinapogawana manufaa na gharama za maji kuliko zinapogombea kiasi cha maji chenyewe, lakini mgawanyo huo haukamiliki mpaka ufike kwa mwananchi anayelima ukingoni mwa kijito, kwa sababu yeye ndiye anayeamua hali ya maji kabla hayajawa suala la mabalozi na mawaziri.

Kwa nini maji hayagawanyiki kama ardhi

Shamba likigawanywa kati ya ndugu wawili, kila mmoja huweka mpaka wake na kuendelea na shughuli zake bila kumgusa mwenzake sana. Maji hayakubali mpaka wa namna hiyo, kwa kuwa mita moja ya ujazo inaweza kuzungusha mitambo ya umeme katika nchi ya kwanza, kunywesha mifugo katika nchi ya pili na kumwagilia mashamba katika nchi ya tatu, huku sehemu yake nyingine ikipotea angani kwa mvuke bila kumfaa yeyote. Wachumi hutofautisha hapa matumizi yanayoyaondoa maji mtoni, kama umwagiliaji, na matumizi yanayoyarudisha, kama uzalishaji wa umeme. Na katika tofauti hiyo ndimo inamopatikana nafasi ya nchi mbili kufaidika na maji yaleyale bila moja kuinyang'anya nyingine.

Jambo la pili ni kile ambacho wachumi hukiita athari kwa wasiohusika, yaani faida au hasara inayomfikia mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi ulioizalisha. Nchi ya juu, ambayo maji huanzia au hupita kwanza, ikikata misitu yake, tope huziba mabwawa ya nchi ya chini, na gharama ya kuyazibua haimo katika hesabu za aliyekata miti. Vivyo hivyo nchi ya juu ikijenga bwawa linalozuia mafuriko, nchi ya chini huokoa fedha ambazo haikuzifanyia kazi. Kila nchi inapofanya hesabu zake peke yake, hasara za jirani haziandikwi na faida za jirani hazilipwi, na matokeo yake ni kwamba miradi mibaya hujengwa na miradi mizuri huachwa.

Dawa ya tatizo hilo imejaribiwa kwingineko. Marekani na Kanada zilitia saini mwaka 1961 mkataba wa Mto Columbia, ulioanza kutumika mwaka 1964, ambao kwao Kanada ilikubali kujenga mabwawa upande wa juu, nayo Marekani ikakubali kuipa nusu ya thamani ya umeme wa ziada uliopatikana upande wa chini na kuilipa kwa kinga dhidi ya mafuriko. Kusini mwa Afrika, Lesotho na Afrika Kusini zilikubaliana mwaka 1986 kuyapeleka maji ya milima ya Lesotho katika eneo la viwanda la Gauteng. Hesabu ilifanywa ya fedha ambazo Afrika Kusini ingeokoa kwa kutumia njia hiyo badala ya njia yake mbadala iliyokuwa ghali zaidi, kisha asilimia 56 ya akiba hiyo ikawa haki ya Lesotho katika mfumo wa mrabaha. Katika mikataba hiyo miwili, kilichowekwa mezani kilikuwa thamani inayotokana na maji, na kila upande ulitoka na kitu ambacho usingekipata peke yake.

Urithi wa mwaka 1929

Bonde la Nile lilianza kwa njia tofauti. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua ambazo zilikuwa mkataba, zikikataza kujengwa kwa kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme katika Nile, matawi yake na maziwa yanayoulisha, ndani ya nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Waingereza, bila idhini ya Misri, iwapo kazi hiyo ingepunguza maji, ingebadilisha wakati wa kufika kwake au ingeshusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya mto huo kwa makadirio ya mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka: Misri ilipata bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zilihesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke na mchujo katika bwawa kuu la Aswan. Nchi za juu, ambako maji hayo hutoka, hazikuwa na fungu katika hesabu hiyo.

Tanganyika huru haikukubali urithi huo. Julai 1962 serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929, na msimamo huo, kwamba taifa jipya halilazimiki kubeba mikataba iliyofungwa na mkoloni kwa niaba yake bila ridhaa yake, umekuja kujulikana katika sheria za kimataifa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Hata hivyo, haki ya kisheria haikutosha kuleta mabomba. Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakubwa huhitaji nchi zote zinazoshiriki mto ziarifiwe kabla mradi mkubwa katika mto huo haujapewa mkopo, na pingamizi la nchi moja huweza kuchelewesha au kupandisha gharama ya mtaji, yaani fedha za kuanzishia mradi. Kutoelewana, kwa lugha ya uchumi, kuna bei yake, na bei hiyo ililipwa kwa miongo mingi na akina mama wa Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Itilima imo, waliochimba mchanga wa mito iliyokauka ili kupata ndoo ya maji, wakati Ziwa Victoria, ambalo takriban nusu ya eneo lake lote la kilomita za mraba 68,800 imo Tanzania, liko katika ukanda huohuo.

Tanzania ilipoanza mwaka 2004 kujenga mradi wa kuyatoa maji ya ziwa hilo Ihelele, wilayani Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama, ulisikika wasiwasi kutoka Misri, lakini serikali iliendelea kwa fedha zake yenyewe. Wilaya ya Bariadi, ambayo Itilima ilikuja kumegwa kutoka kwake, ilikuwa wakati huo sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, lakini bomba hilo halikuielekea, na kiu yake ilibaki palepale mpaka baada ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012.

Hesabu ya maji ya kunywa ya Simiyu

Uzito wa hofu ya nchi za chini unaweza kupimwa kwa hesabu ndogo. Mkoa wa Simiyu una watu zaidi kidogo ya milioni 2. Kila mmoja wao akipewa lita 50 kwa siku kutoka ziwani, jumla itakuwa takriban mita za ujazo milioni 38 kwa mwaka, kiasi ambacho ni chini ya sehemu 1 kati ya 2,000 ya zile bilioni 84 zilizogawanywa mwaka 1959, na mvuke na mchujo uliotengewa bwawa la Aswan peke yake unakizidi zaidi ya mara 250. Wala kiasi hicho chote kisingefika Misri hata kama kingeachwa ziwani, kwa kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja na sehemu kubwa inayokaribiana na hiyo hurudi angani kwa mvuke, na tena karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotea katika mabwawa ya matete ya Sudd, nchini Sudan Kusini.

Hapa ndipo dhana ya gharama mbadala, yaani thamani ya kile kinachokosekana maji yanapoelekezwa upande mmoja badala ya mwingine, inapotoa mwanga. Ndoo ya maji safi Lagangabilili humwokolea mama saa za kutembea, humwondolea mtoto hatari ya kuhara na humrudisha msichana darasani, ilhali ndoo hiyohiyo, baada ya kupungua njiani kwa mvuke, ingeongeza kiasi kidogo mno katika mfereji wa mbali. Kuyanyima maji ya kunywa maeneo ya juu kwa hoja ya kulinda maeneo ya chini ni hasara kwa bonde zima, wala si kwa Simiyu peke yake.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya yuro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa kuusaidia Mkoa wa Simiyu kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ambao unachangiwa pia na Serikali ya Tanzania na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Mradi huo unakusudia kuyavuta maji ya Ziwa Victoria, kuyasafisha na kuyasambaza katika wilaya za Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Kwamba fedha za kimataifa zimeweza kuingia katika mradi wa kuvuta maji ya ziwa linaloulisha Nile ni dalili ya mabadiliko makubwa tangu barua za mwaka 1929.

Kutoka kugawana maji hadi kugawana manufaa

Mabadiliko hayo yalitayarishwa polepole. Mpango wa Ushirikiano wa Nchi za Bonde la Nile ulianzishwa Dar es Salaam mwezi Februari 1999, na sekretarieti yake ikawekwa Entebbe. Mkataba wa mfumo wa ushirikiano uliotokana na majadiliano hayo ulifunguliwa kwa saini tarehe 14 Mei 2010, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotia saini siku hiyo, na baada ya Sudan Kusini kuuridhia mwaka 2024 ukafikisha idadi ya nchi sita zilizohitajika, ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan hazijajiunga, na kiini cha tofauti ni kifungu kinachohusu usalama wa maji: nchi hizo mbili zilitaka kitaje ulinzi wa matumizi na haki zilizopo, ilhali nchi za juu ziliona kwamba maneno hayo yangeurudisha mgao wa mwaka 1959 kwa mlango wa nyuma.

Wataalamu Claudia Sadoff na David Grey walipendekeza mwaka 2002 njia ya kutoka katika mkwamo wa namna hiyo, kwa kuyaweka manufaa ya ushirikiano katika mafungu manne: manufaa kwa mto wenyewe, kama usafi wa maji na uhai wa viumbe, manufaa yatokayo mtoni, kama chakula na umeme, gharama zinazopungua kwa sababu mivutano juu ya mto imetulia, na manufaa yanayovuka mto, kama biashara na miundombinu inayounganisha nchi zilizojenga imani baina yao. Mafungu mawili ya mwisho husahaulika mara nyingi, ingawa huenda ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

Afrika Mashariki ina mfano hai wa nadharia hiyo katika maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Burundi, Rwanda na Tanzania zilijenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 80 kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliyoidhinisha dola za Marekani milioni 340 mwaka 2013, chini ya kampuni moja ambayo kila nchi ina hisa sawa na hupata theluthi ya umeme. Burundi haina ukingo hapo Rusumo, lakini maji ya Mto Ruvubu hutoka kwake, na kwa kugawana megawati badala ya mita za ujazo nchi tatu zimeyatumia maji yaleyale, yakarudi mtoni na kuendelea kuteremka ziwani. Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu, kwani shirika la kwanza la bonde la Kagera liliundwa mwaka 1977, Uganda ikajiunga nalo mwaka 1981, na likavunjwa mwaka 2004 bila kujenga mtambo huo. Somo lake ni kwamba saini peke yake haitoshi. Ushirikiano hudumu pale unapokuwa na mradi unaopimika, mgawanyo wa hisa ulio wazi na hesabu ambazo kila mwanachama anaweza kuzikagua.

Ziwa Victoria nalo limetoa funzo la upande wa pili. Mlango wa ziwa uko Uganda, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 kwa makubaliano kwamba maji yaachiliwe kwa kiasi kinachofuata mtiririko wa asili. Kati ya mwaka 2004 na 2006, ukame na kuachiliwa kwa maji kupita kiwango hicho kwa ajili ya umeme viliungana kulishusha ziwa hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 80 hivi. Uganda ilikuwa na uhaba mkubwa wa umeme na ilikuwa na sababu za kufanya ilivyofanya, lakini sehemu ya gharama iliangukia bandari, wavuvi na mitambo ya kuvuta maji ya nchi jirani. Nchi ya chini, kumbe, inaweza kuiathiri nchi ya juu pale maji yanapokuwa ziwa moja, na ndiyo sababu itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa hilo, iliyotiwa saini na Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2003, na kamisheni yake iliyoko Kisumu, vina umuhimu wa kiuchumi unaozidi ule wa kidiplomasia.

Itilima iko juu, tena iko chini

Mradi wa kuyapeleka maji ya ziwa mkoani Simiyu unaiweka Itilima katika nafasi ya pekee. Kwa kuwa mvua yake hutiririkia ziwani, Itilima iko upande wa juu. Kwa kuwa itakunywa maji yanayovutwa kutoka ziwani, iko pia upande wa chini. Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya pamba na mahindi, samadi inayosombwa kutoka njia za mifugo na dawa za kuua wadudu vyote huteremka na Mto Simiyu, ambao watafiti wameutaja kuwa miongoni mwa mito inayoingiza mashapo na virutubisho kwa wingi katika upande wa Tanzania wa ziwa. Virutubisho hivyo hulisha magugumaji na mwani, na maji yanapokuwa na tope zaidi, mtambo wa kuyasafisha huhitaji shabu na klorini zaidi na vichujio vyake huoshwa mara nyingi zaidi, kisha gharama hizo hurudi kwa mlaji katika bei ya ndoo, zikiongezeka juu ya gharama ya umeme wa kuyapandisha maji kutoka ziwani hadi nyanda za juu zaidi.

Sheria imejaribu kulidhibiti jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa bodi za mabonde, ikiwamo ile ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Mwanza, mamlaka ya kutoa vibali vya kutumia maji, na imetambua jumuiya za watumia maji zinazoundwa na wananchi wenyewe. Lakini ardhi ya ukingoni ndiyo yenye unyevu wakati wa kiangazi, na kwa kaya isiyo na shamba jingine la maana, kuiacha ni kupoteza mboga, malisho na fedha ya ada ya shule. Kumtaka mkulima huyo aache kulima bila kumfidia ni kumtwisha gharama ya manufaa yanayokwenda kwa watu wa mijini na wa nchi nyingine, dhuluma ileile ambayo nchi za juu zililalamikia kuhusu mikataba ya Nile.

Tanzania ina uzoefu wa kujibu tatizo hilo kwa njia mbili. Katika Milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kuhifadhi udongo, na shirika la maji la Dar es Salaam, linalotegemea Mto Ruvu, likawa miongoni mwa waliochangia malipo hayo, kwa hesabu kwamba maji safi huanzia mlimani. Usukumani kwenyewe iko desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lipumzike wakati wa masika ili litumike kiangazi, ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, uliifufua kuanzia mwaka 1986 katika mamia ya vijiji, vikiwamo vya Bariadi ya wakati huo. Ngitili ilifanikiwa kwa sababu faida yake ilionekana kwa aliyeitunza, nayo kanuni zake ziliwekwa na kusimamiwa na wanakijiji, jambo linaloafikiana na utafiti wa Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba jamii zinaweza kuitunza mali ya pamoja kwa kanuni zao bila kuiuza wala kuikabidhi yote kwa dola.

Kinachopaswa kufanywa

Hatua tatu hufuata kutokana na maelezo haya. Kwanza, sehemu ndogo ya bei ya maji ya mradi wa Simiyu, hata iwe shilingi chache kwa kila mita ya ujazo, itengwe kisheria kwa ajili ya vijiji vinavyolinda kingo za Mto Simiyu na vijito vyake, ikilipwa kupitia jumuiya za watumia maji na kutangazwa hadharani katika mikutano ya vijiji. Pili, upimaji wa tope na virutubisho mdomoni mwa mto ufanywe kwa mfululizo na matokeo yake yapelekwe Kisumu na Entebbe, kwa kuwa nchi inayoweza kuonyesha kwa vipimo kwamba imepunguza uchafuzi ina haki ya kudai mchango wa majirani wanaofaidika. Tatu, nchi za bonde ziendelee kuialika Misri na Sudan mezani kwa ajenda ya miradi ya pamoja ya umeme, chakula na uhifadhi, ambamo kila upande una cha kupata, badala ya ajenda ya mita za ujazo ambamo faida ya mmoja huonekana kuwa hasara ya mwingine.

Mkataba ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa Tanzania nguvu ya kisheria kuyatumia maji yake kwa haki na kwa kiasi kinachostahili, lakini nguvu hiyo inakuja pamoja na wajibu wa kutenda ndani ya nchi kile ambacho taifa lilikidai nje yake. Ikiwa Tanganyika ilikataa mwaka 1962 kubeba gharama za wengine bila kuulizwa, Tanzania haina budi kuhakikisha kwamba mkulima wa ukingoni mwa Mto Simiyu naye anaulizwa, anasikilizwa na analipwa kwa kazi yake ya kuyatunza maji yanayowanywesha wengine.